Ujauzito, Sigara na Vepu: Ushauri kwa Akina Mama wa Otonglo na Jamaa Zao

Mwanamke anayevuta sigara akiwa mjamzito mara nyingi huvuta kwa kujificha. Huvutia nyuma ya nyumba au chooni, kisha hutafuna peremende ili harufu iishe kabla mtu hajamkaribia. Hapa Otonglo, kama kwingineko kandokando ya Ziwa Victoria, kijana wa boda akiwasha sigara stejini hakuna anayegeuka kumtazama. Mwanamke mwenye tumbo akifanya hivyo, atasemwa hadi Kisian. Kwa hiyo hunyamaza. Akienda kliniki hasemi, na asipoulizwa jambo hilo hupita. Siku hizi kimya hicho kimepata msaidizi: vepu, kifaa kidogo chenye ladha ya embe au mnanaa, kisichoacha harufu kwenye nguo, ambacho rafiki humkabidhi akimwambia, "Tumia hiki, ni mvuke tu."

Makala haya ni ya mwanamke huyo, na ya mumewe, mama mkwe wake na marafiki zake. Anajiuliza kama vepu itamfaa kuliko sigara, na jibu nalitoa mapema ili asilitafute. Kuacha kabisa ndiyo njia bora, na kuna faida katika mwezi wowote wa mimba. Vepu si salama kwa mtoto aliye tumboni. Ni kweli kwamba ina sumu chache kuliko sigara inayoungua, kwa hiyo mama aliyejaribu kuacha kwa njia nyingine akashindwa anaweza kuitumia kujitoa kwenye sigara, akiwa na mtaalamu wa afya anayemfuatilia. Asiyevuta hana sababu hata moja ya kuishika. Mambo haya yote ni ya kweli kwa pamoja, na madhara huja pale mtu anapochukua moja tu na kuacha mengine.

Moshi unavyomfikia mtoto

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Kwa mjamzito, mbili ndizo za kuelewa kwanza: kaboni monoksidi na nikotini.

Kaboni monoksidi ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Ikiingia kwenye damu, hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Chembe iliyoshikwa na gesi hiyo haiwezi kubeba oksijeni. Damu ya mtoto tumboni huishika zaidi kuliko damu ya mama, kwa hiyo kiwango chake kwa mtoto huwa juu kuliko kwa mama aliyevuta.

Nikotini nayo huibana mishipa ya damu inayolisha kondo la nyuma, halafu hupenya kondo hilo na kumwingia mtoto mwenyewe. Huko hugusa ubongo na mapafu yanayojengwa. Mtoto hupata damu kidogo, yenye oksijeni kidogo, iliyochanganyika na dawa ya kulevya ambayo hakuiomba.

Kwetu ziwani jambo hili lina uzito wake wa pekee, kwa sababu ya malaria. Malaria huharibu chembe nyekundu za damu, na vimelea vyake hujikusanya ndani ya kondo la nyuma hata mama asipokuwa na homa. Ndiyo sababu mjamzito wa Kisumu hupewa neti, hupewa dawa ya SP ya kuzuia malaria kila anapohudhuria kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza (isipokuwa anayetumia Septrin), na hupewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Jitihada zote hizo ni za kulinda damu. Mama ambaye malaria imempunguzia damu, akivuta sigara, anaizuia hata ile iliyobaki isifanye kazi yake. Ushauri wa kuacha sigara unaotoka Ulaya hauzungumzii hili, lakini mama wa Otonglo anapaswa kulijua kabla ya lingine lolote.

Matokeo yake yamechunguzwa kwa miaka mingi, na hayana ubishi. Mtoto wa mama anayevuta huzaliwa akiwa mwepesi kwa takriban gramu 200 kwa wastani. Hatari ya mimba kuharibika huongezeka, pia hatari ya kondo kuachia kabla ya wakati, ya mtoto kuzaliwa kabla ya siku zake na ya kuzaliwa akiwa amefariki. Baada ya kuzaliwa, huwa katika hatari zaidi ya kufariki ghafla usingizini na ya kupata pumu.

Kuna wanaosema kwamba mtoto mdogo ni nafuu kwa mama kwa kuwa hutoka kwa urahisi. Neno hilo linapotosha. Mtoto mdogo kwa sababu ya sigara ni mtoto aliyenyimwa chakula na hewa. Leba yake si lazima iwe nyepesi, na akizaliwa hushikwa na baridi upesi, hushindwa kunyonya vizuri na hushambuliwa na maambukizi kwa urahisi. Wengine hukumbusha kwamba nyanya zetu walivuta, hata wakiwa wameingiza upande wa moto mdomoni, na wakazaa watoto wengi. Ni kweli walizaa wengi. Pia walizika wengi, na hakuna aliyewahi kuuliza ni yupi kati ya waliozikwa angeishi kama asingepewa moshi.

Hujachelewa

Mwanamke aliyegundua ana mimba ya miezi mitano na amekuwa akivuta muda wote hukata tamaa. Hudhani madhara yamekwisha kufanyika, basi aendelee. Hapana. Kaboni monoksidi hupungua kwa nusu ndani ya saa chache na huisha mwilini ndani ya siku moja au mbili baada ya sigara ya mwisho. Ukiacha Jumatatu, Jumatano mtoto anapata hewa ambayo hakuwa akiipata wiki iliyopita.

Utafiti uliofanywa New Zealand na Australia, ukachapishwa 2009, uliwafuatilia wanawake wa mimba ya kwanza na kulinganisha walioendelea kuvuta, walioacha na wasiovuta. Walioacha kabla ya wiki ya 15 walikuwa na hatari ya kuzaa kabla ya wakati au kuzaa mtoto mdogo sawa na wale ambao hawakuvuta kabisa. Wiki ya 15 ni mwanzo wa mwezi wa nne. Na aliyevuka wiki hiyo asiache kujaribu, kwa maana sehemu kubwa ya uzito wa mtoto huongezeka katika miezi mitatu ya mwisho. Anayeacha mwezi wa sita bado anampa mtoto nafasi ya kunenepa.

Kupunguza kutoka sigara kumi hadi tatu ni hatua, lakini mwisho wa safari ni sifuri. Mwili uliozoea nikotini hudai kiwango chake, kwa hiyo anayepunguza huvuta kila moja kwa nguvu zaidi, hadi karibu na kichungi, na kuingiza sumu nyingi kuliko anavyofikiri. Sigara ya menthol nayo haina nafuu yoyote: hupoza koo tu, na koo lililopozwa hukuruhusu kuvuta ndani zaidi.

Ipo pia hofu kwamba kuacha ghafla humshtua mtoto. Haina msingi. Mama atapata shida ya siku kadhaa, lakini mtoto hapati madhara kwa mama kuacha, hata akiacha siku moja.

Vepu ina nini ndani

Vepu, au sigara ya kielektroniki, haichomi tumbaku. Betri hupasha moto waya mdogo, na waya huo hugeuza kimiminika kuwa ukungu ambao mtu huuvuta. Ule si mvuke wa maji. Kimiminika kina propilini glaikoli, gliserini, viungo vya ladha na, mara nyingi, nikotini. Kikipashwa moto sana hutoa kemikali kama fomaldehaidi, na waya wenyewe unaweza kuachia chembe za metali kama nikeli na risasi.

Kwa kuwa hakuna kinachoungua, kaboni monoksidi ni kidogo mno au haipo, wala hakuna lami. Hapo ndipo nafuu yake ilipo ukiilinganisha na sigara. Lakini nikotini imebaki, na nikotini ndiyo inayobana mishipa ya kondo na kumfikia mtoto. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita ya kimiminika. Pasipo na kikomo hicho, vifaa vya kutumia na kutupa hufika miligramu 50. Mwanamke aliyekuwa akivuta sigara tatu kwa siku anaweza kujikuta na kifaa kinachokaa mkononi kutwa, akikivuta kitandani, jikoni na sokoni, na nikotini anayoingiza ikawa nyingi kuliko mwanzo.

Kwa nini basi madaktari wa Uingereza huwaruhusu baadhi ya wajawazito kutumia vepu? Hilo lielezwe kikamilifu, kwa sababu huku kwetu hufika nusu tu. Mwaka 2022 watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wajawazito 1,140 waliokuwa wakivuta. Nusu walipewa vepu, nusu vibandiko vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi. Mwisho wa mimba, waliothibitishwa kuacha sigara walikuwa asilimia 6.8 katika kundi la vepu na 4.4 katika kundi la vibandiko. Tofauti hiyo peke yake haikutosha kuwa ushahidi. Walipotengwa wale walioacha kwa kutumia kifaa ambacho hawakupangiwa, vepu ilionekana kusaidia zaidi. Watoto waliozaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 walikuwa asilimia 9.6 kwa upande wa vepu na 14.8 kwa upande wa vibandiko.

Soma takwimu hizo kwa makini. Wanawake wale wote walikuwa wavutaji, na jaribio halikulinganisha vepu na hewa safi. Walipigiwa simu za ushauri. Bidhaa walizopewa zinasimamiwa na sheria. Na hata hivyo, waliothibitishwa kuacha walikuwa wachache katika makundi yote mawili. Ukichukua kifaa peke yake ukaacha ushauri, ufuatiliaji na usimamizi, hujachukua kile ambacho Waingereza walikipima.

Hapa kwetu mazingira ni tofauti. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ni ya mwaka 2007, na iliandikwa kabla vepu hazijaenea. Barabara ipitayo Otonglo huishia Busia, na ukivuka mpaka pale unaingia Uganda, nchi ambayo sheria yake ya tumbaku ya 2015 imepiga marufuku uuzaji wa sigara za kielektroniki. Upande huu zinauzwa madukani na mitandaoni, nyingine bila maelezo yanayoeleweka kuhusu kilichomo. Marekani, mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, watu zaidi ya 2,800 walilazwa hospitalini kwa kuumia mapafu na 68 wakafariki. Wengi wao walikuwa wamevuta vimiminika vya bangi vilivyochanganywa na mafuta ya vitamini E. Mama asiyejua ndani ya chupa mna nini hawezi kujua anamlisha mtoto nini.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kama huvuti, usiguse vepu. Kama unavuta, anza na njia nitakazozieleza hapa chini. Kama umezijaribu kwa dhati na bado unarudia sigara, zungumza na daktari kuhusu dawa za nikotini. Kama hata hapo umeshindwa, na kwako ni vepu au sigara, basi vepu ni afadhali kuliko sigara kwa masharti matatu: sigara ziishe zote, kiwango cha nikotini kipungue wiki hadi wiki, na kliniki wajue. Kutumia vyote viwili, vepu kazini na sigara jioni, hakumpi mtoto nafuu yoyote.

Kitu kingine kuhusu kimiminika cha vepu: kikinywewa na mtoto mdogo, kiasi kidogo tu chaweza kumuua. Nyumba yenye mtoto anayetambaa isiwe na chupa hiyo mahali anapofika.

Ugoro, kuber na vifuko vyeupe

Tukizungumzia sigara pekee tutawaacha wanawake wengi nje. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 kuhusu matumizi ya tumbaku ulionyesha kwamba wanawake wazima waliokuwa wakivuta nchini Kenya walikuwa asilimia 0.8 tu, lakini waliotumia tumbaku isiyo na moshi walikuwa asilimia 3.8. Kwa kila mwanamke anayevuta, wapo karibu watano wanaonusa au kuweka mdomoni. Wengi wao hawajihesabu kuwa watumiaji wa tumbaku.

Ugoro ni tumbaku. Kuber ni tumbaku. Vifuko vyeupe vinavyowekwa chini ya mdomo havina jani la tumbaku, lakini vina nikotini ile ile. Havitoi moshi, na bado nikotini yake huingia kwenye damu ya mama na kumfikia mtoto. Matumizi ya tumbaku isiyo na moshi wakati wa ujauzito yamehusishwa na kuzaa kabla ya wakati, kuzaa mtoto mwepesi na kuzaa mtoto aliyefariki. Shisha, ambayo serikali iliipiga marufuku Desemba 2017, hutoa kaboni monoksidi kwa wingi, na maji yaliyomo ndani ya chombo hayaichuji.

Na kwa dada zetu wa Migori wanaovuna tumbaku shambani: nikotini hupenya ngozi kutoka kwenye majani mabichi, hasa yakiwa na umande au mvua. Kizunguzungu na kutapika baada ya kuvuna si mimba peke yake. Mjamzito apewe kazi nyingine. Tangu 2022 wakulima wa Migori wamekuwa wakisaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi, na hayo ni chakula kinachomfaa mjamzito.

Namna ya kuacha

Jambo la kwanza ni kuchagua siku, na isizidi wiki moja kutoka leo. Siku hiyo ikifika, ondoa kila kitu nyumbani: sigara, kiberiti kisicho cha jikoni, kijaluba cha ugoro. Usibakize moja ya dharura, kwa kuwa dharura itakuja siku hiyo hiyo.

Pili, jua kinachokuja. Nikotini hutoka mwilini haraka, na kwa mjamzito haraka zaidi, kwa sababu mwili wake huivunja kwa kasi kuliko wa mtu mwingine. Ndiyo maana hamu inaweza kuwa kali kuliko ulivyokumbuka ulipojaribu kuacha zamani. Huo si udhaifu wa moyo wako, ni kazi ya ini. Siku mbili au tatu za kwanza ndizo ngumu zaidi: hasira, kukosa usingizi, kichwa kuuma, njaa. Dalili nyingi hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne.

Tatu, hamu ya sigara huja kama wimbi la ziwani: hupanda, hufika kileleni, hushuka, na yote huchukua dakika chache. Kazi yako si kulishinda milele, ni kuliacha hilo moja lipite. Kunywa maji polepole. Toka ulipo, tembea hadi kwa jirani. Vuta pumzi ndefu mara kumi. Shughulisha mikono kwa kuchambua mboga au kupeta omena. Shughulisha mdomo kwa njugu, simsim, karoti au kipande cha muwa. Tahadhari moja hapa: wengi huhamia odowa, yaani mawe na udongo wa kula. Udongo huo huweza kubeba mayai ya minyoo na umehusishwa na upungufu wa damu, ambao ndio tunaojitahidi usikupate. Ukiwa na hamu kubwa ya odowa, mwambie muuguzi akupime damu.

Nne, chunguza sigara zako zinaambatana na nini. Kama ni chai ya asubuhi, kunywa uji kwa muda. Kama ni kikao cha jioni cha busaa au chang'aa, kikao hicho kiache pia, kwa kuwa pombe haina kiwango salama katika ujauzito na hulegeza kila ahadi. Kama ni msongo wa kodi, wa mume au wa karo, tafuta mtu wa kuzungumza naye kabla hamu haijafika.

Tano, weka akiba pesa za sigara. Sheria ya 2007 hairuhusu sigara kuuzwa moja moja, lakini vioski vingi huuza hivyo, na ndivyo matumizi yanavyofichika. Kila unapopitisha hamu moja, tia bei ya sigara hiyo kwenye kopo. Kopo hilo ni la nauli ya leba, pamba na shuka la mtoto.

Sita, omba msaada wa kitaalamu. Zipo dawa za nikotini, kama vibandiko na chingamu, ambazo baadhi ya nchi, Uingereza ikiwemo, huwapa wajawazito walioshindwa kuacha kwa ushauri pekee. Hutoa nikotini bila moshi na kwa kiasi kinachojulikana, na kibandiko huvuliwa usiku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2013 kuhusu tumbaku na ujauzito, halikuwa na ushahidi wa kutosha kupendekeza au kukataza dawa hizo, na halikupendekeza vidonge vya bupropioni wala vareniklini kwa mjamzito. Kwa hiyo usijinunulie dukani. Mwamuzi awe daktari anayejua hali ya mimba yako, mathalani katika hospitali ya Chulaimbo au ile ya Jaramogi Oginga Odinga. Simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, na hupokelewa na washauri wa masuala ya uraibu.

Ukianguka ukavuta moja, hujarudi mwanzo. Jiulize ilikuwa wapi na ukiwa na nani, kisha endelea siku hiyo hiyo. Anayesubiri Jumatatu nyingine huwa amenunua pakiti kufikia Jumapili.

Kwa mume na watu wa nyumba

Mume anayevuta ndani ya nyumba anavutisha watatu. Kufungua dirisha hakutoshi, wala kusimama mlangoni. Kama huwezi kuacha leo, vutia nje mbali na nyumba, usivutie karibu na mkeo, na ubadilishe shati kabla ya kumbeba mtoto akizaliwa. Lakini lililo bora ni kuacha pamoja naye. Ni vigumu sana kwa mwanamke kuacha huku pakiti iko juu ya meza kila jioni, na wanaume wengi waliokuwa wakitafuta sababu ya kuacha huipata wakati huu.

Mama mkwe na mashemeji, msimfokee. Aibu haimwachishi mtu sigara, humfundisha kujificha vizuri zaidi. Mwanamke anayejificha hafiki kwa daktari, na hadanganyi kwa ubaya bali kwa hofu. Muulizeni amelalaje, mpunguzieni kazi siku zile tatu za mwanzo, na akifikisha wiki mpongezeni.

Moshi wa jikoni na wa samaki

Wapo wanawake ambao hawajawahi kushika sigara na bado wanavuta moshi kila siku. Ni wale wanaokausha samaki kwa moshi katika fuo zetu, wanaokaanga mgongo wazi (mifupa ya samaki) kwa kuni, au wanaopika katika jiko lisilo na dirisha. Kuni na makaa hutoa kaboni monoksidi ile ile, na moshi wa kuni nao umehusishwa na watoto kuzaliwa wakiwa wepesi.

Siwezi kumwambia mama aache biashara inayomlisha. Naweza kumshauri asimame upande upepo unakotoka, atumie kuni zilizokauka vizuri, apikie nje au penye bomba la kutolea moshi, na kazi ya kukaa juu ya tanuri aipokezane na wenzake wasio wajawazito. Wanachama wa chama cha akina mama wanaweza kukubaliana hivyo: mwenye mimba ashike uuzaji, wengine washike moto, na zamu ibadilike mwingine akipata mimba. Na makaa yasilale ndani ya chumba mnacholala.

Mtoto akizaliwa

Wengi walioacha kwa ajili ya mimba hurudia baada ya kujifungua, uchovu ukizidi na wageni wakipungua. Weka mpango mapema. Ukirudia, usiache kunyonyesha, kwa sababu maziwa yako bado ndiyo bora kwa mtoto. Vuta baada ya kunyonyesha, nje, na uanze tena kuacha. Mtoto asilale kitanda kimoja na mtu anayevuta sigara, kwa kuwa hatari ya kifo cha ghafla huongezeka. Vepu pia hupitisha nikotini kwenye maziwa.

Hatua ya wiki hii

Shirika la Afya Duniani linataka kila mjamzito aulizwe kuhusu tumbaku na moshi anaovuta kutoka kwa wengine, mapema iwezekanavyo na kila anapohudhuria. Foleni ikiwa ndefu swali hilo linaweza kurukwa, na kwa kuwa wanawake wanaovuta wanahesabiwa kuwa wachache, huenda asitokee wa kukuuliza hadi siku ya leba. Usisubiri. Mhudumu wa afya ya jamii akipita nyumbani, au siku ukifungua kijitabu chako cha mama na mtoto mbele ya muuguzi, sema wewe kwanza: "Navuta sigara," au "Natumia ugoro," au "Natumia vepu. Nataka kuacha, nisaidie." Omba liandikwe kijitabuni ili anayekupokea mwezi ujao aendelee alipoishia mwenzake. Anayekufokea kwa kusema ukweli amekosea kazi yake, na una haki ya kuomba mwingine. Mtoto wako hahitaji mama asiyewahi kukosea. Anahitaji mama anayepata msaada mapema, na msaada huanza siku unapolisema.